Kichwa kwa Akwele, Mkia kwa Akuorkor

Mama Pacha alikuwa anajua zawadi inaishi siku ngapi. Hakusoma popote. Reki ndiyo ilimfundisha.

Kazi yake ilikuwa kuzoa taka kwenye mitaro ya Korle Gonno, hapo Accra. Buti mpaka magotini, kitambaa puani, reki ndefu kumshinda kimo. Zawadi za Krismasi zilianza kumfikia Februari: spika ndogo zenye taa, makava ya simu, saa za mkononi zilizokufa, midoli ya manyoya imevimba maji kama mzoga. Za siku ya wapendanao hazikuvuka hata Machi. Rasta za kusukia ndizo zilizomtoa roho. Zinajisokota kwenye meno ya reki mpaka uzikate kwa kisu, huku watoto wa shule wanapita wamebana pua.

Mwaka jana, mwezi mmoja baada ya Ijumaa ya mapacha, siku ambayo ukoo unawasherehekea pacha wake, alivuta taa ya waridi yenye umbo la moyo. Akaigeuza. Stika ya duka ilikuwa bado ipo. Aliijua taa hiyo, maana aliinunua mwenyewe. Alinunua mbili, moja kwa kila binti. Juni iliyofuata mvua ikapiga, mtaro huohuo ukatapika, maji yakaingia chumbani kwake na godoro likaelea. Mama Pacha akasimama juu ya meza akaapa: hataingiza tena ndani ya nyumba yake kitu ambacho atakuja kukivuta kwa reki.

Kuapa ni rahisi. Ila mabinti walikuwa na miaka kumi na tano.

Zilibaki wiki mbili kufika Ijumaa ya mapacha ya mwaka huu. Walikuwa wanakula kenke, donge la mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga, sahani moja, watatu. Akuorkor, yule wa pili, akasema bila kuinua uso:

"Nimeongea na baba."

"Kasemaje?"

"Kasema nikitaka niende Tema nikakae naye. Shule zikifunguliwa nianzie huko."

Mama Pacha akameza tonge zima bila kutafuna. Kpakpo, baba yao, alikuwa ameondoka miaka tisa iliyopita. Huko Tema, mji wa jirani, alikuwa na mke na nyumba ya vigae, mtoto hakuwa naye.

"Na Akwele?"

"Akwele hajaitwa."

Akwele, yule wa kwanza, akaendelea kutoa miba ya samaki. "Mimi sijaitwa," akasema. "Na sijalia."

"Pacha hawatenganishwi," mama akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema! Bibi yako alisema! Unataka nini, Akuorkor? Niambie, nikupe."

Akuorkor akamtazama sasa. "Nataka kitu changu."

"Kitu gani?"

"Changu, mama. Changu tu."

Mama Pacha akasikia alichokuwa anakiogopa: kitu kipya, cha dukani, cha kung'aa, kile ambacho Kpakpo angekinunua hata leo jioni. Akamshika mkono. "Subiri Ijumaa. Usiondoke kabla ya Ijumaa. Utaona."

"Haya. Ijumaa. Nikiona upuuzi uleule, Jumamosi napanda gari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zawadi moja, siku kumi na nne, na mtoto yupo au hayupo.

Kilichomkaba Mama Pacha ni kwamba zawadi yenyewe haikuwa moja. Pacha hawapewi tofauti. Ukimpa huyu yai, na yule yai. Wakiwa na miaka minne, shangazi yao alimletea Akwele viatu akamsahau Akuorkor, na Akuorkor akashikwa na homa siku tatu, mpaka viatu vya pili vilipoletwa, rangi ileile, homa ikashuka jioni hiyohiyo. Mama Pacha alikuwepo. Alimbeba yule mtoto mgongoni akiwa moto kama jiko. Usije ukamwambia ilikuwa malaria, atakutoa mbio kwa reki.

Kwa hiyo akakaa kwenye ukingo wa mtaro akapiga hesabu zake. Vya dukani: vinarudi mtaroni. Kusukwa nywele: rasta ni mtaro. Shanga za kiunoni za chupa zilizosagwa aliwapa mwaka juzi, Akuorkor akamuuliza nani ataziona. Chakula kizuri? Mapacha wanapikiwa viazi vikuu na mayai siku hiyo kila mwaka, hiyo si zawadi. Ikabaki mitumba. Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu, ikavuka bahari, na bado inadai ivaliwe tena.

Sasa mitumba na mapacha havipatani. Ndani ya belo hakuna kitu chenye mwenzake.

Anti Lamiley, shoga yake wa sokoni, alikuwa na kawaida ya kumwita kila akifungua belo. Siku ya tatu akamwita. Waya ukakatwa, nguo zikafumuka, na katikati ya mashati yaliyochoka Mama Pacha akaona koti la jinzi. Zito. Vifungo vya shaba. Mgongoni farasi kashonwa kwa uzi mwekundu, anakimbia, kichwa upande wa kushoto, mkia umefika kwapa la kulia.

Akalichomoa. Akuorkor alikuwa anachora farasi tangu ana miaka sita. Madaftari yote. Farasi aliowahi kuwaona ni wale waliochoka wa kukodisha ufukweni, lakini aliowachora yeye walikuwa wanakimbia.

"Hili! Hili nalichukua. Nipe na la pili."

Lamiley akacheka mpaka akashika kiuno. "La pili lipo kwa mzungu aliyelivua hili. Nenda kamgongee."

"Lamiley, sitanii."

"Na mimi natania? Mama Pacha, mitumba haizai mapacha. Mpe Akuorkor hili, Akwele mtafutie gauni."

"Mmoja ataumwa."

"Wana miaka kumi na tano, dada. Wana matiti. Homa gani ya koti?"

"Wewe huna mapacha," Mama Pacha akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Akalitafuta koti la pili siku saba. Asubuhi mtaro, mchana soko, buti bado miguuni. Alipita mstari kwa mstari kalikumbatia lile koti kama picha ya mtu aliyepotea. "Umeliona kama hili? La farasi? Mwekundu?" Wauzaji walimjua kabla hajafika.

"Mama Mtaro huyo! Harufu imeshatangulia, mwenyewe yuko nyuma!"

"Farasi sina, mama, nina suruali ya punda, unataka?"

Alifukua mafungu mpaka kucha zikavunjika. Alimlilia muuzaji mmoja afungue belo ambalo halikuwa lake. Akafungua, zikatoka sweta za watoto wachanga. Mama Pacha akakaa chini palepale, kwenye lundo la sweta, akashindwa kunyanyuka mpaka walipomshika mikono.

Nyumbani Akuorkor alikuwa ameanza kukunja nguo zake. Nguo mojamoja, polepole, kila siku kidogo. Mama Pacha alikuwa anazihesabu kwa macho akipita.

Siku tatu kabla, akaenda kwa Fundi Botwe, mshona mitumba wa mwishoni mwa soko.

"Kata katikati."

Botwe akaligeuza koti, akaligeuza tena. "Mama, koti hili limekukosea nini?"

"Kata mgongoni, juu mpaka chini. Nusu hii ya Akwele, nusu hii ya Akuorkor. Ubavu uliobaki weka hiki." Akatoa kitambaa cheupe kwenye mfuko. Ndicho alichowafunikia siku ya nane, walipotolewa nje alfajiri kupewa majina, wote wawili ndani ya kitambaa kimoja. Miaka kumi na tano alikuwa hajakifua hata mara moja.

"Naweza kukata," Botwe akasema. "Ila kuna vitu ukishakata, mimi sirudishi."

"Wakisimama pamoja farasi ataungana. Unaona? Wakiwa pamoja, farasi mzima. Wakiachana, hakuna farasi." Kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili alikuwa anatabasamu. Aliona amepata. Hakuna kitakachotupwa, hakuna atakayempita mwenzake, na binti ataelewa bila kuambiwa kwamba yeye na dada yake ni kitu kimoja.

Botwe alitazama nusu na nusu. Pengine aliona kitu. Lakini mteja alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mtu wa hivyo humpingi. Akachukua mkasi.

Nusu ya nani ni ipi? Hilo Mama Pacha hata hakuliwaza. Akwele ndiye wa kwanza. Akwele ndiye aliyeogeshwa kwanza, akanyonyeshwa kwanza, akaitwa kwanza kila siku ya maisha yake. Kichwa kikaenda kwa Akwele. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Ijumaa ikafika. Ua wa nyumba ya ukoo ulijaa watu waliovaa nyeupe kuanzia kilemba mpaka kandambili. Viazi vikuu vilipondwa kwa mawese, mayai yakahesabiwa mara mbili ili yasipishane, beseni la maji na majani ya tambiko likawekwa katikati. Mabinti walikula, wakapakwa maji ya beseni, wakapigiwa makofi. Kisha Mama Pacha akatoa mfuko wa kitambaa.

"Vaeni. Mgeuke, watu waone."

Wakavaa. Yalikuwa makoti mazuri, hilo hakuna aliyebisha. Jinzi upande, nyeupe upande. Akwele akapitisha mkono kwenye vifungo akasema, "Eh, mama!" Akuorkor alikuwa ameona nyuzi nyekundu, na uso ukamfunguka kama wa mtoto.

"Farasi? Mama, umenipatia farasi?"

"Geukeni! Simameni karibu karibu!"

Wakageuka. Ua mzima ukatazama migongo. Kushoto kichwa cha farasi, shingo, miguu miwili ya mbele. Halafu kitambaa cheupe cha Akwele. Halafu kitambaa cheupe cha Akuorkor. Halafu huko mbali, upande wa kulia, makalio na mkia.

Hawakuungana. Mama Pacha aliwasogeza, akawabana bega kwa bega, akawabadilisha nafasi. Ikawa mbaya zaidi: mkia ukatangulia, kichwa nyuma. Kila nusu ilikuwa na ubavu wake mweupe, na hata uwabane vipi, farasi hakuwa anarudi.

"Farasi gani huyo mrefu kama mtaro!" mtu akapiga kelele, na ua ukaangua kicheko. Si kicheko kibaya. Siku ya sherehe watu wanacheka.

Akuorkor akavua koti, akaligeuza kuona mgongo. Akautazama mkia. Akatazama la dada yake.

"Nani kaamua mimi niwe matako?"

"Mwanangu, siyo hivyo..."

"Farasi ndiye ninayemchora mimi, mama. Mimi. Akwele hajawahi kuchora hata kuku. Na kichwa kapewa Akwele."

"Pacha hawapewi tofauti! Nilitaka mkisimama pamoja..."

"Kwa hiyo nikitaka farasi mzima lazima nisimame naye mpaka nife?" Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Nilikwambia kitu changu. Ulisikia nini?"



Jumamosi ndiyo sikukuu yenyewe, siku ambayo kila mtu wa kabila la Ga anarudi kwao. Magari yalikuwa yanaingia yamejaa, watu wanashuka na mabegi, wanakumbatiana barabarani. Akuorkor peke yake ndiye aliyekuwa anapanda. Mama Pacha alimfuata mpaka stendi akisema maneno yasiyo na mpangilio: atamtafutia farasi mwingine, atakwenda kwa Botwe, atalifumua, asubiri Jumatatu tu, Jumatatu moja. Akuorkor alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkumbatia, maana hakuwa mtoto mkorofi. Begani alikuwa na mkoba, na kwenye mdomo wa mkoba kilichungulia kipande cha jinzi.

"Umelichukua," mama akasema.

"Nimelichukua."

"Utalivaa?"

Gari likapiga honi.

Nyumbani alimkuta Akwele amekaa kizingitini na koti lake mapajani.

"Mama, ungempa tu lile zima."

"Na wewe? Ungeumwa."

"Ningenuna wiki." Akwele akafikiri. "Labda mbili. Lakini ningekuwa nanunia hapahapa, na yeye angekuwa hapahapa."

Mama Pacha akaingia ndani. Sahani ya kenke ilikuwa mezani, tupu, ile ya watatu. Aliigeuza kifudifudi.

Jumatatu alirudi kazini. Aliomba apewe mtaro wa stendi, ule mpana unaopita nyuma ya magari ya Tema, ambao hakuna anayeutaka, kwa sababu wasafiri wanatupa humo kila wasichotaka kufika nacho. Wakamshangaa, wakampa. Anaanza kabla jua halijawa kali. Anazamisha reki mpaka chini, anavuta, anasimama kutazama. Vifuko vya maji ya kunywa. Ndala. Chaja. Moyo wa plastiki wa mtoto wa mtu mwingine. Kila kitu cha buluu anakiinamia, anakigusa kwa mkono, bila glavu.

Ni wiki ya tano leo. Koti halijapita. Simu kutoka Tema nayo haijaja. Anazamisha reki tena.