Meno Yangu Yamefika Dar es Salaam

Habari hii hainipambi. Inamwonyesha kijana mzima, fundi baiskeli anayejulikana Nangara yote hapa Babati, amejifungia ndani anajisugua meno kwa msasa wa kubandikia viraka. Cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele kuna mambo ya maana na sitaki unikatize.

Kwanza uyajue meno yenyewe. Yalikuwa, na bado ni, rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na yale mawili ya mbele yana madoa kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Sikuwa peke yangu. Nyumba zote zilizokuwa zinachota kwenye kisima cha baba, vijana waliokulia pale tulikuwa hivyohivyo. Sisi kwa sisi tulishazoeana. Shida ilikuwa ukienda harusini mtaa mwingine, kama Maisaka. Msichana anakuangalia vizuri, unamchekea, ghafla anakumbuka ameacha chungu jikoni.

Basi nikajifunza kuchekesha watu huku mdomo wangu nimeufunga. Mteja akiniuliza meno yangu yana nini, namjibu, "Ya kwako bado mabichi. Haya yameiva." Akiendelea kunichokoza namwambia aende ziwani akamwangalie kiboko. Meno yake ni ya manjano, na sijasikia mtu aliyesimama mbele yake akamcheka.

Baba alikuwa na maelezo yake, tena mafupi. "Husugui."

Nilikuwa nasugua! Kila asubuhi mswaki wa mti na jivu. Dawa ya meno ilikuwa habari ya kusimuliwa. Miaka ile ukiingia dukani unakuta rafu na mwenye duka wanaangaliana tu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na foleni yenyewe inaishia kwenye tangazo kwamba hakuna. Watu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Mimi matairi nilikuwa nayajaza nyasi kavu, na mteja anapanda baiskeli yake inayonuka zizi, anashukuru.

Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba. "Kesho kutwa wataalamu wanakuja shuleni kuangalia meno. Kila mtu asafishe kinywa. Watakaochaguliwa watapewa sabuni."

Sasa niambie, wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kwamba ni mashindano. Wenye meno safi ndio watakaoondoka na sabuni, wengine turudi kwenye mpapai. Balozi mwenyewe naye alielewa hivyohivyo, maana siku hiyo nilimkuta nyuma ya nyumba yake anasukutua ndimu, sura imekunjamana kama tandiko la punda.

Nilianza na jivu. Nikaja kwenye mkaa, nikaja kwenye unga wa tofali. Meno hayakushtuka. Nikatazama kisanduku changu cha vifaa. Ukitaka kubandika kiraka kwenye mpira wa ndani, lazima kwanza uukwaruze kwa msasa mpaka weusi utoke, ndipo gundi ishike. Nikajiambia, kama unatoa weusi kwenye mpira, jino ni nani?

Sitaki kukumbuka ule mlio. Nilifanya jino moja la mbele, nikafika nusu ya la pili, fizi zikagoma. Nikajitazama kwenye kioo cha baiskeli. Rangi ilikuwa palepale, ila sasa jino limepauka na limekwaruzika kama mlango wa zamani.

Siku ya siku tulijipanga darasani. Mtaalamu alikuwa mama mmoja wa makamo, daktari kutoka Dar es Salaam, amevaa miwani mikubwa na anawaamkia wazee wote shikamoo kabla hajawafungua mdomo. Pembeni kijana wake anaandika. Nikaona jambo la ajabu. Wenye meno meupe aliwaangalia kidogo tu, akawapa kipande chao cha sabuni, asante, pita. Kumbe sabuni ilikuwa ya kila mtu! Nilitamani kuurudisha ule msasa tumboni mwa kiwanda ulimotoka.

Ikafika zamu yangu. Nikafungua mdomo. Mama daktari akasogea, akavua miwani, akavaa tena.

"Jamani! Haya ndiyo niliyoyatafuta safari nzima."

Tangu nizaliwe hakuna mwanamke aliyewahi kuniambia hivyo.

Halafu akainamisha kichwa. "Lakini hili la mbele limepatwa na nini?"

"Nililisafisha kidogo, daktari."

"Kwa nini?"

"Ili liwe jeupe, daktari," nikasema, nikitafuta mlango wa kutokea.

"Nauliza, kwa kutumia kitu gani?"

Nikasema kwa sauti ya chini sana. Haikusaidia. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti, "Msasa! Amejipiga msasa! Fundi, ulitaka kubandika kiraka?" Darasa zima likaangua kicheko. Balozi alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nina siri yake ya ndimu. Mama daktari naye alicheka, ila akanishika bega. "Usirudie tena. Rangi hii haiko juu ya jino, kijana. Imo ndani. Hata ungelisugua mpaka fizi, ungeikuta inakungoja."

Akaniuliza nimezaliwa wapi na nimekunywa maji gani utotoni. Nikamjibu, nilizaliwa kule juu Mbulu lakini nimeletwa Babati nikiwa mchanga, mgongoni kwa dada. Maji ni ya kisima cha nyumbani. Akauliza kama huyo dada yupo. Yupo, ndiye yule pale, anamnyonyesha mtoto. Dada alikuwa amerudi nyumbani mumewe alipokwenda kutafuta kazi mbali, amekuja na binti yake anayejifunza kutembea.

Tukasimamishwa bega kwa bega, tukaambiwa tufungue midomo. Mama mmoja, baba mmoja, jivu lilelile, mswaki wa mti uleule. Dada alikulia kwenye maji ya chemchemi huko milimani, akateremka Babati ni msichana mkubwa na meno yake yameshatoka yote. Yake ni meupe kama maziwa ya asubuhi. Yangu unayajua. Kijana wa daktari akatupiga picha, mimi peke yangu mara tatu. Mama daktari akasema, "Hawa wawili wamenionyesha pa kutafuta. Nipelekeni kwenye hicho kisima."

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha, maana kisima kilikuwa cha baba.

Lazima ujue kisima kile ni kitu gani kwa baba yangu. Alikichimba mwenyewe kwa sururu, mwamba kwa mwamba. Miaka ya ukame vingine vilikauka, chake kikaendelea kutoa. Hakuwahi kumtoza mtu. Wanawake walikuwa wanatua ndoo zao pale alfajiri na kumwita Baba Maji, naye anajifanya hasikii ili waite tena. Ukimpokonya kisima kile, habaki na kitu kingine cha kujivunia ila mbuzi wachache na mimi, na mimi unajua nilikuwa na meno gani.

Baba akawasikiliza wageni amesimama mbele ya kisima. Daktari akamweleza kwa adabu kwamba anaomba kujaza chupa moja akapime maji, maana anadhani yana madini yanayoharibu meno ya watoto.

"Maji ya kisima changu hayapimwi kama mkojo," baba akasema.

"Mzee, si kwa ubaya."

"Watu wanakunywa hapa miaka yote. Nani amekufa?" Akamnyooshea kidole binti wa dada, aliyekuwa ameshika kikombe cha maji yaleyale. "Huyu anakunywa. Mfungue mdomo. Meupe pee!"

"Hayo ni ya utoto, mzee. Yatang'oka. Yanayokuja yako ndani ya fizi yanajitengeneza sasa hivi, kwa maji anayokunywa sasa hivi. Hata ya kijana wako ya utotoni nadhani yalikuwa meupe."

Baba akanigeukia, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. "Ya huyu? Meupe?"

Dada ndiye aliyejibu. "Baba, mimi ndiye niliyembeba. Yalikuwa meupe kama mahindi machanga. Yalipong'oka ndipo yakaja haya. Wewe ukasema hasugui."

Baba akageuka. Alimtazama mjukuu wake, akatazama kile kikombe. Halafu akainama, akakichukua kikombe mkononi mwa mtoto taratibu, akayamwaga maji kwenye mgomba. Akaivuta ndoo mwenyewe, kamba mkononi, akaijaza ile chupa ya daktari mpaka pomoni.

"Pima," akasema. "Lakini majibu niletewe mimi. Nisiyasikie sokoni."

Majibu yalichukua muda, nikadhani yamepotea njiani. Yalipokuja, mama daktari aliyaleta mwenyewe. Maji yalikuwa na madini yale kupita kiasi. Kufulia, kuogea, kunywesha mbuzi, kumwagilia, hakuna neno. Lakini watoto wasiyanywe kabisa, na wakubwa nao wakipata mengine wayaache.

Asubuhi yake nikadhani baba atajifungia ndani. Kumbe alitangulia kisimani kabla ya wanawake. Walipokwisha kutua ndoo akawaambia, bila kuzunguka, "Maji yangu yanaharibu meno ya watoto wenu. Kuanzia leo fulieni. Ya kuwanywesha watoto mkachote kwenye chemchemi ya mlimani."

Mama mmoja akacheka. "Aa, Baba Maji! Mbona wewe unakunywa na meno yako mazuri?"

"Mimi nilikuja hapa na meno yangu tayari," baba akasema. Halafu akaniita kutoka kwenye baiskeli niliyokuwa naitengeneza. "Njoo. Cheka."

"Nicheke nini, baba?"

"Cheka tu. Watu waone."

Mzee huyu maisha yangu yote alikuwa ananiambia nifunge mdomo mbele za watu. Nikasimama juu ya jiwe la kufulia, nikacheka. Mwanzoni nililazimisha, halafu nikaona yule mama alivyoacha ndoo yake akaenda kumfungua mwanawe mdomo, nikacheka kweli, meno yote nje, na jua linayapiga. Baba alisimama kando yangu ameshika kamba ya ndoo, kifua mbele, kama vile ananionyesha mnadani. Sijawahi kujiona mzuri kama siku ile, na baba yangu sijawahi kumwona mrefu vile.

Tangu hapo nikawa mchukuzi wa maji ya binti wa dada. Baiskeli yenye tairi la nyasi, dumu nyuma, njia ya mlimani inapanda kama deni. Watu wa Bagara njiani wakiniona wanapiga kelele, "Fundi, maji ya nani hayo, ya mkuu wa mkoa?" Nawajibu, "Ya mkubwa kuliko yeye. Huyu akilia, nyumba nzima inaamka." Kuhusu meno yangu, nilishaacha kujificha. Nilikuwa nawaambia picha yake iko Dar es Salaam, wataalamu wanaiangalia. Meno yangu yamefika Dar es Salaam, mimi mwenyewe Dodoma sijaiona.

Miaka ikaenda. Wanawake waliendelea kufulia kwenye kile kisima, na jina la Baba Maji halikumtoka baba. Juzijuzi yule binti, ambaye sasa anasoma darasa la kwanza, aling'oka meno ya mbele. Nyumba nzima tukawa tunavizia fizi zake kama watu wanaovizia mvua. Baba kila asubuhi anamwita, anamfungua mdomo, anamwambia aende zake. Hatimaye yakachomoza mawili. Meupe! Baba aliyatazama kwa muda mrefu, akatoka nje, na nikamsikia kule kisimani anapiga mluzi, jambo asilolifanya.

Mimi nikamnyanyua mtoto nikampeleka kwenye kioo cha baiskeli ajione. Akajitazama, akageuza kichwa huku na huku. Halafu akayatazama ya kwangu, akarudi kwenye yake, uso ukaingia huzuni.

"Mjomba," akasema, "sasa yangu yataiva lini?"