Mlenda wa Mkutano wa Kimataifa

Haya niliwaficha watu wengi, na hata sasa nikiyasimulia najifunika uso na kanga, lakini ninyi ni wenzangu, chekeni tu mmalize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, nami nasomea sayansi ya uhifadhi. Ukaletwa Dodoma mkutano wa kimataifa wa wanafunzi wa fani yetu, na mimi, Zuhura wa Makole, hapo hapo mjini, nikapangwa kuzungumzia mboga moja ya porini inayotoweka kwenye vilima vya Kibakwe. Nikaenda kuichuma mwenyewe, kidogo tu ya kuonyesha, nikailaza kwenye magazeti, na njiani mvua ikaninyea. Nilipofika nyumbani nikafanya jambo nililoliona la kisomi kabisa: nikayatandaza majani, na magazeti yake chini, juu ya ungo karibu na jiko yakauke, kisha nikakimbilia stesheni kupokea wageni.

Usiku mama akanipakulia ugali na mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Nikala, nikaongeza, nikamwambia, "Mama, mlenda wa leo si wa kawaida!" (Naomba mlikumbuke hilo.)

Asubuhi nimechelewa, nikayakuta magazeti yamekunjwa vizuri juu ya ungo, nikashukuru kwamba mama amenifungia, nikabeba. Ukumbini, ndani ya koti la mtumba lenye mabega mapana kuliko yangu, nikayakunjua kwa madaha mbele ya wageni wa nchi chungu nzima. Hamna hata jani. Badala ya kusema sijui, nikasema kwa Kiingereza changu cha kukakamaa kwamba nimeibiwa.

Mwenyekiti akaamuru milango ifungwe na mikoba ipekuliwe. Wakaanza na Chanda, msichana wa Zambia aliyekuwa jirani yangu kwenye kiti, naye akawa anatoa vitu vyake mezani, kitana, kanga, picha ya mama yake, huku machozi yanamlengalenga, nami nayakunja na kuyakunjua magazeti yangu matupu.

Mama nilimwalika, alikaa nyuma. Kiingereza hajui, akamuuliza jirani yake, kisha akasimama.

"Jamani, acheni kumpekua mtoto wa watu. Zuhura, si yale majani uliyoniletea?"

"Yako wapi, mama?" akauliza mwenyekiti.

"Niliyatwanga. Tumeyala jana."

Wageni wakatafsiriwa maneno yake, ukumbi ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alivuta kanga kichwani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Watoto wa wenzangu wakirudi safari huwaletea mama zao chochote. Wewe ulikuwa hujawahi. Nilipoona ungo nikasema, leo mwanangu amenikumbuka. Kumbe yalikuwa ya mkutano?"

Moyo uliniuma, jamani. Mwenyekiti ananitazama, maprofesa wananitazama, na mimi namwona mama yangu tu.

"Hapana, mama," nikasema. "Yalikuwa yako. Mimi ndiye niliyetaka kuwaringia watu kwa zawadi yako."

Akaketi, akatabasamu. Nikamwomba Chanda radhi mbele ya wote, nikazungumzia mboga ile mikono mitupu, na sifa zote siku hiyo wakapata wengine.

Tangu hapo nikisafiri, hata kama ni kufika Kibaigwa tu na kurudi, nabeba mafurushi mawili, la kazi na la mama, na la mama namkabidhi mkononi. Naye hulipokea kwa furaha ile ile, akalifungua, akayapapasa majani, na kabla hajabandika chungu huniuliza, "Haya hayana mkutano?"