Karani wa Leseni za Mbwa

Karani wa leseni za mbwa hufuta muhuri wake kwa leso kila anapougonga, na hakusomei sheria kabla hajakohoa mara mbili. "Mama, mbwa akizurura bila kamba, mwenye kosa ni wewe," alimwambia jirani yake, aliyekuja kumchukua mbwa wake aliyekamatwa barabarani. "Simtoi!" Mara mlango ukasukumwa, akaingia mbwa mnene, shingo tupu, akajilaza juu ya viatu vya karani kama yuko kwao. Jirani, aliyemjua fika, akauliza kwa upole, "Na huyu, baba, mwenyewe nani?" Karani akakohoa, safari hii sheria haikufuata. Akavua mkanda, akamfunga mbwa wake, akajiandikia onyo. Kisha akaigonga muhuri karatasi ya kumtoa mbwa wa jirani kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia suruali.