Fundi Milele na Kiti cha Thelathini na Moja

Watu walimwita Fundi Milele, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea kazi, iwe kabati, kitanda au kibao cha kukalia wakati wa kufua, kabla hajashika hata kipimo alikuwa ameshakuapia: "Hiki utamwachia mjukuu wako. Hiki ni cha milele." Kuna mteja aliwahi kumrudishia stuli ya milele iliyoishi wiki tatu. Fundi akaipindua, akaitazama kwa huruma, akasema mwenye kasoro ni mteja kwa kuwa anakaa kwa hasira. Mdomo ule ungetozwa ushuru, asingebakiwa na hata msumari.

Lakini mikono alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Ndiyo maana mwenye mgahawa mpya, ule wa vioo vitupu unaopika chakula cha kizungu, alimpa kazi ya viti arobaini vya kufanana na vya kwenye picha: migongo mirefu, miguu myembamba kama ya mbuzi. Thelathini na tisa vilitoka safi. Cha thelathini na moja ndicho kilichomtia aibu. Siku hiyo alikuwa anapiga soga na fundi baiskeli wa jirani, huku anacheka, huku anakata, na ule ulimi wa mguu wa nyuma unaoingia kwenye tundu akaukata mfupi. Fundi mwenye akili angechonga mguu mwingine. Milele alichanganya gundi na unga wa mbao, akaziba pengo, akapiga msasa, akapaka vanishi, kisha chini ya ubao wa kukalia akachora alama ya kosa kwa penseli, ili kesho yake asisahau kukirekebisha.

Kesho yake, asubuhi na mapema, lori la mgahawa likaja siku mbili kabla ya siku ya ahadi na kubeba vyote. Milele alisimama mlangoni mwa karakana akitazama vikipakiwa. Angeweza kusema. Badala yake akajiambia: katika viti arobaini, ni nani atakayekiangukia hicho? Neno lenyewe hakulipenda, akalibadilisha: ni nani atakayekikalia? Akarudi ndani kunywa chai.

Miezi mitatu ikapita, binti yake wa pekee akapata mchumba, kijana mpole anayepima damu hospitalini. Mama wa kijana akasema hatoi neno lake mpaka awaone wazazi wa binti kwa macho yake. Huyu mama alikuwa mjane, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa mwili wa kutosha na sauti ya kutosha zaidi. Wachumba wawili wa mwanawe alishawarudisha kwao: wa kwanza alidanganya umri, na wa pili baba yake alijigamba ana shamba, kumbe ni kiwanja cha jirani. "Maskini namvumilia," alizoea kusema. "Mwongo, hapana."

Milele ndiye aliyechagua mahali pa kukutania, na nani asiyejua angechagua wapi? "Tutakula tumekalia kazi yangu," alisema, akajifunga tai ambayo mara ya mwisho ilionekana kwenye harusi yake mwenyewe. Kabla hawajatoka, binti alimshika mkono.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo usijisifu. Yule mama anausikia uongo ungali tumboni."

"Mimi? Kujisifu?"

"Baba."

"Haya, nimeahidi."

"Na hilo neno lako la milele usiliseme."

"Hata hilo!"

"Baba!"

"Sitalisema."

Saa kumi na mbili na nusu jioni walikuwa mezani, watu watano, karibu na dirisha. Mhudumu alikuwa mtu mzima aliyevaa tai ya kipepeo, na aliongea kwa kunong'ona kama vile chumba cha pili kuna mgonjwa. Kila mtu aliwekewa uma tatu. Mke wa Milele, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona haya kuuliza, akaziinua zote.

"Tatu za nini? Kwani wanaona tuna mikono mingapi?"

Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa ameingia na uso wa siku ya mitihani, akacheka. Akajiegemeza nyuma. Kiti kikalia: nyiii.

Milele aliitambua sauti ile. Viti vyake havilii. Katika vile arobaini ni kimoja tu kingeweza kulia. Akaangusha uma makusudi, akapiga magoti na kuingia chini ya meza. Huko alikuta viatu vya mkewe vimevuliwa, vimelala ubavu, na juu kidogo, chini ya kiti cha Mwalimu, alama yake ya penseli ikimtazama. Mguu wa nyuma ulikuwa umeanza kujitenga. Kidole kidogo kingepita.

Alipotoka huko jasho lilikuwa limeshafika kwenye tai.

"Mwalimu, hapo feni inakupiga. Tubadilishane viti."

"Feni naipenda, mzazi mwenzangu."

"Basi mwanga wa dirisha. Unaumiza macho."

"Jua limeshazama."

Kweli, lilikuwa limezama. Milele akajaribu tena. "Ni kwamba hiki changu ndicho kiti cha heshima. Si vizuri mgeni..."

"Heshima yangu natembea nayo," alisema Mwalimu Mkuu. "Haihitaji kiti." Na chini ya meza binti akampiga baba yake teke la ugoko.

Ikaja nyama. Ilikuwa pande la unene wa kitabu, nje nyeusi, na Mwalimu alipoikata ikatoa damu. Wote wakaitazama. Mke wa Milele akainama, akaichunguza kwa makini.

"Huyu ng'ombe wangemuwahi, angepona."

Mwalimu akapaliwa kwa kicheko. Nyiii.

"Mwanangu," mke wa Milele akamgeukia mkwewe mtarajiwa, "si wewe ndiye wa kupima damu? Haya, kazi imekufuata mezani."

Mwalimu akacheka mpaka akashika kifua, akayumba kushoto, akayumba kulia. Nyiii, nyiii, tk. Ile tk ilikuwa sauti mpya. Milele alimtazama mkewe kwa macho ya kumsihi anyamaze, naye akadhani anasifiwa, akaongeza utani. Maskini baba wa watu! Kila kicheko kilimsogeza binti yake karibu na ndoa, na kilimsogeza mama mkwe karibu na sakafu. Nyama yake hakuigusa.

Sahani zilipoondolewa, Mwalimu Mkuu akasimama. Hakuna aliyemwomba; alikuwa mtu wa kusimama. Mhudumu mwenyewe akasimama na trei mkononi.

"Nimekuja hapa kukagua," alisema, "sitaficha. Nimekula nyama mbichi, nimecheka na mzazi mwenzangu huyu kama sijacheka tangu marehemu atutoke. Binti amenyooka. Nimeona ya kutosha. Neno langu nitalitoa nikiwa nimekaa, maana ni neno la nyumbani."

Na akajiandaa kukaa. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kukaa kidogo kidogo. Alikaa mara moja, kama anayefunga mkutano. Milele aliona yote kwa pamoja: mguu ulioachama, mwili unaoshuka, uso wa binti yake uliokuwa ukingoja lile neno. Akinyamaza, huenda kiti kikastahimili dakika tano, na dakika tano zilitosha kumwoza binti. Akisema, fundi wa milele ni tapeli mbele ya mwanamke asiyevumilia waongo. Aliogopa, kweli aliogopa, kuliko alivyowahi kuogopa msumeno.

"Usikae!"

Mgahawa mzima uligeuka. Mwalimu akabaki katikati, hajakaa wala hajasimama, mikono mezani.

"Hicho kiti ni kibovu," alisema Milele. "Nimekitengeneza mimi."

Mwalimu akasimama wima. Akakishika kiti, akakipindua palepale, miguu juu, watu wa meza ya jirani wakitazama na uma midomoni. Akaiona alama.

"Hii nini?"

"Alama ya kosa, Mwalimu."

"Nani kaichora?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ileile niliyokosea. Nilitaka kukirekebisha, wakaja kukichukua. Ningeweza kusema. Sikusema."

Mke wa Milele akavitafuta viatu vyake kwa miguu. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, na kijana wa damu amemshika mkono bila kujificha. Mwalimu akapitisha kidole kwenye ile penseli, akakitazama kidole.

"Miaka ishirini na sita nasahihisha madaftari," alisema taratibu. "Alama hii nimewachorea watoto wa watu mpaka kidole kimepinda. Sijapata kumwona mtu aliyejichorea mwenyewe." Akamgeukia mwanawe. "Huyu baba ni fundi wa ovyo."

Binti akafumba macho.

"Lakini mwongo, hapana. Oa." Akakisimamisha kiti na kukisukuma kwa Milele. "Na hiki ukikalie wewe. Nipe hicho chako cha heshima."

Binti akalia na kucheka kwa pamoja, kamasi na yote, akajifutia kitambaa cha mezani kilichokunjwa kama ua. Milele alikaa kwenye kosa lake kwa adabu ya mtoto aliyeadhibiwa, uzito wote kwenye mapaja. Ikaletwa keki. Sasa tumbo lilikuwa limefunguka, akala yake, akamalizia ya mkewe, na utamu ukapanda kichwani. Akanyoosha kijiko kuelekea ukumbini.

"Ila tusidhulumiane, Mwalimu. Hivyo vingine thelathini na tisa, hivyo ni vya mile..."

Na akajiegemeza nyuma.

Mlio wake waliusikia mpaka wapishi jikoni. Milele alijikuta chali, mguu wa kiti kwapani, krimu kwenye tai. Mkewe alikuwa amelalia meza kwa kicheko.

"Baba," alisema binti kutoka juu, "si uliahidi?"

Mwalimu Mkuu alikuwa ameruka na kusimama, mikono kiunoni. Akamtazama fundi pale chini, kisha akakitazama kiti alichokuwa amekalia yeye, kisha tena fundi. Milele akageuza shingo palepale sakafuni, akachungulia chini ya ubao wa kiti hicho. Ulikuwa mweupe, msafi. Lile neno lilimjia ulimini, akalimeza.

"Hicho hakina alama, mama," alisema. "Kaa."

Mwalimu akakaa mara moja, kwa uzito wake wote. Kiti hakikusema kitu.