Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Treni

Kazi yangu ni kufundisha fasihi ya Amerika katika chuo kikuu hapa Kamina, mji wa reli wa Katanga, na kuilinganisha na nyimbo za baa zetu. Wageni nikiwaambia hivyo hucheka kidogo, kisha huuliza kama hiyo ni kazi kweli. Mama yangu, Mmetodisti tangu tumboni, hakucheka. Siku nilipomweleza mada ya tasnifu yangu ya udaktari aliuliza jambo moja tu: kwa nini nisiandike juu ya nyimbo za kanisa, maana nazo zina gitaa siku hizi.

Ilianzia kwa marehemu baba. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya misheni, na wamisionari Waamerika walipoondoka, vitabu vyao vilibaki ndani ya chumba kilichokuwa kinaliwa na mchwa. Baba alivileta nyumbani kimoja kimoja. Humo nikakutana na riwaya za Waamerika weusi, na ndani ya riwaya hizo nikakutana na treni. Watu walikuwa wanakimbia mashamba ya pamba kusini, wanakwenda kaskazini kutafuta viwanda na heshima. Wengine walilia behewani, wengine walicheka kwa woga, na daima palikuwa na mtu mwenye gitaa aliyejua kuigiza mlio wa magurudumu. Nyumba yetu haikuwa mbali na reli. Nilikuwa nasoma na treni yetu wenyewe inapita, sahani zinatetemeka kabatini. Niliona kana kwamba wale watu wa mbali wametuandika sisi.

Ndiyo maana, nilipokuwa mtu mzima na kutakiwa kuchagua mada, sikusita. Nilichagua treni: treni ya riwaya na nyimbo za huzuni za Waamerika weusi upande mmoja, na treni ya rumba ya miji yetu ya reli upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja mkubwa, na mpiga gitaa wake alikuwa mjomba wangu, mdogo wa mama yangu, tumbo moja.

Ujana wake aliupitisha katika bendi ya wafanyakazi wa reli. Walipiga muziki katika miji ya Luena na Kaniama, lakini nyumbani kwao palikuwa baa moja hapa Kamina, iliyotazamana na stesheni. Wimbo wao wa treni huanza na gitaa peke yake: linaondoka polepole kama treni, linapanda mlima, linapata mwendo, na hapo ngoma zinaingia. Hakuna harusi Kamina isiyoupiga. Vijana wameutengenezea toleo jipya lenye ubeti wa kwanza na kiitikio tu. Mimi nilijua hilo toleo fupi kama wote, na sura ya nne ya tasnifu yangu niliijenga juu yake, nikauita wimbo wa safari na matumaini.

Kisha machinisti mmoja mstaafu wa Luena, dereva wa treni wa zamani, akanipatia kaseti ya zamani yenye wimbo mzima. Ubeti wa pili niliusikiliza nikiwa nimesimama. Ulipokwisha nikakaa chini.

Ulikuwa unawacheka abiria. Uliwahesabia vyombo vyao: magodoro, sufuria, cherehani, kuku aliyefungwa miguu. Uliwauliza kwa sauti tamu kama huko wanakorudi watapata kitanda cha kulaza hilo godoro. Na nilijua mara moja ni abiria gani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi mwaka ule watu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, walipofukuzwa katika miji ya Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa humo humo. Waliletwa na treni, na treni zilisimama hapa Kamina siku nyingi bila kuendelea. Walilala kwenye saruji ya stesheni na watoto wao. Mama alipika bukari, ugali wetu, akabeba na ndoo ya maji, mimi nikabeba vikombe. Wanawake wengine wa kanisa walikuja naye, wengine walikataa. Nakumbuka harufu ya pale, na mzee mmoja aliyemrudishia mama kikombe kwa mikono miwili. Nakumbuka pia kwamba ng'ambo ya reli baa ilikuwa inapiga muziki. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Nilikwenda kwa mjomba na ile kaseti. Siku hizi ni mzee wa kanisa, anavaa tai hata siku za kazi. Tulikaa uani. Ubeti wa kwanza ulipopita, vidole vyake vilicheza juu ya goti. Wa pili ulipoanza, vikatulia. Aliniambia maneno yale aliyatia mwimbaji wao, naye alikwisha kufa zamani. Kisha akasema niukate ubeti huo, niweke mengine yote, kwa sababu watu hawaujui tena.

Nilimweleza kwamba siwezi. Waamerika niliowasoma walipanda treni kwa kuchagua, au angalau kwa kukimbilia kitu. Watu wa stesheni yetu walipandishwa. Kama nikiufanya wimbo huo kuwa wimbo wa matumaini, tasnifu nzima itakuwa uongo.

Mjomba aliizima kaseti.

"Weye iko mutoto wa dada yangu," alisema. "Muntu hauzishake mujomba yake juu ya kupata diplome."

Niliondoka bila kunywa chai iliyokuwa imekwisha kumiminwa, jambo ambalo kwetu ni kama kutukana.

Wakati huo kitivo chetu kilikuwa kinaandaa mkutano wa wazi, ambapo sisi tuliokaribia kwenda kutetea tasnifu Lubumbashi tungezisoma kwanza mbele ya watu wa mji. Habari za ubeti wa pili zilimfikia mkuu wa kitivo kabla sijamwambia mwenyewe. Aliniita, akafunga mlango. Alizungumza Kifaransa kwa upole mkubwa. Alisema mji umetulia, waliokuwa maadui wanaoana, wanafunzi wetu wanatoka kila upande. Alisema ukumbini watakuwepo watu wa usalama, kama kawaida. Hakunikataza. Aliniambia tu kwamba vurugu ikitokea, itakuwa na jina langu.

Kulikuwa na mtu mmoja niliyemwogopa kuliko wote hao. Ni mwenzangu anayefundisha fasihi ya Kifaransa, mdogo kwangu kwa miaka michache, mtu wa Kasai. Tulikuwa tunatumia chumba kimoja cha walimu, meza yake na yangu zikigusana. Hakuwahi kunisimulia utoto wake, nami sikuwahi kuuliza. Nilimweleza nilichokipata, nikamuuliza kama atapendelea nisikiseme.

Aliendelea kupanga vitabu vyake. "Fanya kazi yako," alisema. "Lakini usiniombe minyi ruhusa. Hiyo mzigo usinipatie."

Hatukuzungumza tena mpaka siku ya mkutano.

Asubuhi ile mama alikuja kwangu amevaa kitenge cha kanisa. Mjomba alikuwa amekwisha kumlalamikia, nilijua, na nilijiandaa kusikia ombi lile lile. Alinitazama nikifunga viatu, akasema taratibu:

"Minyi nilibapelekeaka bale bantu mayi, na ndugu yangu alibaimbiaka. Siye bote tuko ba nyumba moya. Ukisema moya, sema na ingine."

Kisha akachukua mkoba wake, akatangulia mlangoni.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanafunzi walikuwa wamesikia kwamba kutapigwa rumba, na hiyo peke yake iliwaleta. Mkuu wa kitivo alikaa mbele. Wanaume wawili wasiojulikana walikaa nyuma karibu na mlango, bila kalamu wala karatasi. Mwenzangu alikaa katikati ya safu, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuinua wengine. Na mjomba alikuja. Alikaa kando ya mama, tai yake imekaza shingo, mikono juu ya fimbo.

Nilianza na Amerika. Nilisoma, nikatafsiri, nikaeleza namna gitaa la kule linavyoigiza treni, na kwa nini. Kisha nikawasha baflo, spika kubwa ya ukumbi, na kuweka wimbo wetu.

Lile gitaa lilipoondoka peke yake, ukumbi ulipiga kelele za furaha. Ngoma zilipoingia, wanafunzi walipiga makofi. Kwenye kiitikio waliimba wote, na wasichana wawili wa safu ya pili wakainuka kucheza wakiwa wameshikana mikono. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Ningeweza kuzima pale pale. Wangeshangilia, tungekwenda kunywa soda, na nani angenilaumu? Nilimtazama mwenzangu. Hakupiga makofi. Alikuwa anatazama meza.

Sikuzima.

Ubeti wa pili uliingia, na wengi waliendelea kupiga makofi kwa sababu mwendo haubadiliki. Ni maneno tu yanayobadilika. Makofi yakapungua safu kwa safu. Wale wasichana walikaa. Sauti ya yule mwimbaji aliyekufa iliendelea kuhesabu sufuria na magodoro katika ukumbi uliokuwa kimya, na ilikuwa sauti nzuri, hilo ndilo lililotisha. Wimbo ulipokwisha nilisema uliimbwa mwaka gani, mbele ya nani, na baa ilikuwa wapi. Nilisema pia kwamba mama yangu alikuwa upande huu wa reli na ndugu yake alikuwa upande ule, na kwamba wote wawili wamekaa humu.

Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma kwamba Madame anafufua vita. Mwingine akamjibu anyamaze. Viti vilisogezwa. Mkuu wa kitivo aliinuka nusu. Hapo mwenzangu akasimama, na kwa vile watu walimjua ni mtu wa Kasai, zogo lilikatika.

"Nilikuwa na myaka sita," alisema. "Tulilala pale kwenye stesheni. Dada yangu mudogo alifia pale. Ule wimbo tuliusikiaka kila siku, na minyi nilikuwa naucheza, juu nilikuwa mutoto. Mama yangu alinipiga. Sikujua juu ya nini alinipiga."

Alikaa. Nilikuwa nimekaa naye meza kwa meza miaka yote ile.

Kisha nikasikia fimbo inagonga sakafu. Mjomba alikuwa anainuka, na mama alimshika mkono, sijui kwa kumsaidia au kumzuia. Nilifikiri atanikana mbele ya watu. Niliona wale wanaume wa nyuma wakinyoosha shingo.

"Nilimuambia huyu mutoto kama ile maneno ni ya mwimbaji," alisema. "Haina vile. Ile maneno ni yangu. Njo minyi niliyatunga, mwimbaji aliimba tu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa kitivo alifunga kikao kwa maneno machache ya shukrani, na watu wakatoka polepole kama wanaotoka matangani. Hapakuwa na vurugu. Mlangoni mjomba na mwenzangu walikutana ana kwa ana. Mjomba alitoa mkono. Mwenzangu aliutazama, akapita.

Lubumbashi nilitetea tasnifu yangu miezi michache baadaye. Profesa mmoja alinisumbua sana akitaka kujua kama wimbo wa walevi ni fasihi. Nilimjibu kwamba riwaya nilizozisoma ziliandikwa na watu waliosikiliza walevi, na kwamba maneno yakiweza kuumiza kwa miaka thelathini basi yanastahili kusomwa kwa makini. Nilipata udaktari. Sura ya nne niliiandika upya yote, na maneno ya mwenzangu yamo, kwa idhini aliyonipa mwenyewe bila mimi kuomba. Ameendelea kukaa kwenye meza ile ile. Sasa tunazungumza, ingawa si kila siku.

Mjomba hakuja kwangu muda mrefu. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, alinikuta nje ya kanisa, akaniomba nimpeleke kwa huyo mwalimu. Tulikwenda kwa miguu, jua kali. Mwenzangu alitutazama kutoka mlangoni. Aliingia ndani, nikadhani ndiyo imekwisha. Alirudi na viti viwili, akaviweka kivulini, na cha tatu akaletewa na mke wake.

Walizungumza habari za mvua iliyochelewa, na mahindi ya Kaniama yatakavyopanda bei. Mjomba alimuuliza mama yake yuko wapi siku hizi. Mwenzangu alisema amekwisha kufa, huko Mwene-Ditu, Kasai. Mjomba aliinamisha kichwa. Tulikunywa maji, tukaaga.

Tulipofika barabarani alisimama kupumzika.

"Unawaza atanihurumia?" aliniuliza.

"Haukumuomba musamaha, mujomba."

"Sikumuomba," alisema. "Nilishindwa kuanza."

Nikamshika mkono kumvusha reli.