Mama Hapana na Hodi ya Mara Moja

Kazini kwao wanamwita Mama Hapana, na wala hajali. Dada yangu anafanyia kazi nyumbani, sebuleni, mimi nikiwa pembeni na cherehani yangu. Anasoma mabadiliko ambayo wenzake wanataka kuyaingiza kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, kisha anasema yapite au yasipite. Eti mtu analipwa kwa kusema hapana! Mimi mteja akiikataa nguo yangu namnunia wiki nzima.

Asubuhi ile hakugusa hata chai.

"Kuna nini? Mbona umekunja uso hivyo?"

"Mwalimu ameleta mabadiliko."

Mwalimu ndiye aliyemfundisha kazi, tena ndiye aliyempigania akaajiriwa. Dada akanieleza: programu nyingi hulala zikisubiri jambo litokee, na kiini ndicho kinachoziamsha. Kwa sasa kinabisha hodi mpaka mlango ufunguliwe. Mwalimu anataka kibishe mara moja tu kijiendee zake, mashine zisichoke bure.

"Na aliyelala asiposikia?"

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Chumba cha pili baba yetu anapumua kwa mashine, na mashine ile inaendeshwa na mfumo huohuo. Mrija ukichomoka, kiini kinaiamsha programu ya kengele, inalia. Tumeshaikimbilia sana kengele ile, mimi na pini mdomoni.

Kwao kuna utaratibu mmoja unaoniudhi mno: asiyepinga kabla ya muda kwisha, amekubali. Muda ulikuwa unakwisha mchana uleule. Tena huwezi kuandika "naogopa" ukasikilizwa, sharti ulete ushahidi. Alikuwa na jaribio la kuhesabu hodi zinazopotea, aliloliandika zamani na wenzake wote hulitumia, na kila akiliendesha, kioo cha kompyuta kinamjibu: hakuna iliyopotea.

"Basi si salama hiyo? Mpitishie mzee wa watu, yaishe."

"Nyamaza kidogo, mdogo wangu, nakuomba."

Nikaacha kushona maana mshono ulishaanza kwenda upogo. Nilimwonea huruma, na hapohapo nilikasirika. Kwa nini uhai wa baba utundikwe shingoni mwa mtu mmoja aliyeshinda na njaa?

Mara akafanya jambo nililoliona ni wazimu. Kwenye nakala yake akaufuta kabisa ule mstari unaobisha hodi. Sasa hapakuwa na wa kumwamsha yeyote. Jaribio lilipaswa kupiga kelele nyumba nzima isikie. Akaliendesha. Kioo kikajibu: hakuna iliyopotea.

"Mungu wangu!" Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

Kumbe yule mhesabu wa ndani ya jaribio naye alikuwa amelala akisubiri kuamshwa kwa hodi zilezile! Hodi ikipotea haamki, na asipoamka hana cha kuhesabu. Mwalimu naye alikuwa amelitegemea jaribio hilohilo.

Akaliandika upya, safari hii mhesabu akitazama saa badala ya kungoja hodi. Akaliendesha juu ya mabadiliko ya Mwalimu. Hodi zikaanza kupotea, moja hapa, nyingine pale. Akaandika "Hapana" na kuambatanisha matokeo. Jibu la Mwalimu halikukawia: ameyaondoa, na anamshukuru sana.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likanikauka. Nikakimbilia jikoni kupasha chakula. Narudi, sebule tupu. Nikamkuta kwa baba, amekaa ukingoni mwa kitanda, macho kwenye mashine. Baba alikuwa usingizini, kifua kinapanda na kushuka vizuri tu.

"Wee, si umeshinda? Njoo tule."

Hakugeuka.

"Mabadiliko ya leo nimeyazuia," akasema taratibu. "Yaliyomo tayari ndani ya mashine hii niliyapitisha mimi, kwa jaribio lilelile."

Nikavuta kigoda, nikakaa nami kuitazama.