Fyeka na Diski Iliyojaa

Dada yangu aliwakataa wanaume wawili wenye akili zao, akaolewa na Fyeka. Jina hilo tulimpa sisi wa hospitali. Yeye ndiye msimamizi wa seva, ile kompyuta kuu inayotunza picha za wagonjwa, na dawa yake ya kila ugonjwa wa kompyuta ni kufuta. Mimi napiga eksirei chumba cha pili, kwa hiyo shemeji huyu ninaye nyumbani, ninaye kazini. Sina pa kupumulia.

Siku hiyo mama yetu alikuwa amelazwa wodini. Ana doa kwenye pafu, na daktari alitaka kulinganisha picha mpya na ya mwaka jana. Kama doa halijakua, mama anarudi nyumbani. Kama limekua, anapasuliwa.

Asubuhi seva ikagoma kupokea picha, diski imejaa. Fyeka akaliona faili moja nene, lile ambamo programu ya picha huandika makosa yake, akalifuta. Diski bado imejaa. Akajumlisha mafaili yaliyobaki, hata nusu ya diski hayakufika. Sasa nafasi kaila nani? Akabaki kutoa macho, mjuaji wa watu.

Akampigia aliyetuuzia programu, nami nipo nasikia.

"Umefuta jina tu," yule akamwambia. "Programu bado imelishikilia lile faili. Umebandua kibao mlangoni, mpangaji yumo ndani. Zima programu, iwashe tena, nafasi itarudi."

"Mimi sifundishwi kazi," Fyeka akasema, akakata simu.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nilipokwenda wodini kumchukua mama apigwe picha mpya, Fyeka huku nyuma akafuta picha zote za mwaka jana. Nakala za akiba alishazifuta zamani, eti zinakula nafasi. Kabla ya chakula cha mchana diski ikajaa tena, maana programu ilikuwa bado inaandika makosa kwenye lile faili. Ndipo akaizima ile programu, akaiwasha, na nusu ya diski ikarudi papo hapo. Akaja kututangazia, kifua mbele.

Daktari alikuwa ameshatafuta picha ya mama ya mwaka jana akachoka.

"Bila ile ya zamani siwezi kubahatisha," akasema. "Itabidi tumpasue tuone."

Nilimtazama Fyeka kwa dharau mpaka akainamisha kichwa. Nilitamani kumzaba kofi mbele za watu.

Mama akanivuta mkono. "Usihangaike, mwanangu," akasema. "Mkwe wangu si huyo hapo? Mwambie aitafute. Yeye hapotezi kitu."